Meneja wa mfuko wa VC anakuja Jumamosi kuomba dola 50,000 za klabu yetu. Tumuulize nini?

#1 Msaidizi_wa_Hazina (Ntinda)
Wadau, habari za jioni.

Klabu yetu ya uwekezaji hapa Kampala ina watu 31. Tulianza 2016 kwa elfu hamsini kila mtu kwa mwezi, tukapandisha kidogo kidogo. Leo tuna kiwanja kimoja Mukono na kama shilingi milioni 210 za Uganda benki, akaunti ya muda maalum. Sasa mpwa wa mwanachama mmoja katuletea meneja wa mfuko unaoweka mtaji kwenye kampuni changa: teknolojia, kilimo, mikopo ya simu. Kima cha chini dola 50,000, yaani karibu hela yetu yote. Mfuko unakaa miaka 10, na wanaweza kuongeza miwili. Ada asilimia 2 kila mwaka, na faida ikipatikana wao wanachukua asilimia 20.

Ametutumia slaidi 42. Nimezisoma zote. Neno "hasara" halimo hata mara moja.

Jumamosi anakuja, tuna saa moja naye. Nyinyi mngeuliza nini?

#2 Mzee_wa_Kikuubo
Moja tu. Yeye kaweka ngapi?

Hapa sokoni Kikuubo mtu akikuletea habari ya kontena la Guangzhou, unamuuliza: katoni zako wewe ni ngapi humo ndani? Akisema yeye ni wa kupanga mipango tu, mnakunywa chai, mnaagana.

#3 HesabuHaidanganyi (Jinja)
Mzee yuko sawa, lakini kabla hujafika huko piga hesabu ya ada. Watu wanasikia asilimia 2 wanaona kidogo.

Tuseme mfuko una dola milioni 10. Asilimia 2 ni laki mbili kwa mwaka. Miaka 10, milioni 2. Kwa hiyo inayokwenda kwenye kampuni ni milioni 8, siyo 10. Ili nyinyi mrudishiwe mara mbili, yaani milioni 20 baada ya meneja kuchukua asilimia 20 yake ya faida, zile milioni 8 lazima zizae 22.5. Karibu mara 2.8. Na humo kampuni nyingi zitakufa, hiyo ndiyo kawaida ya biashara hii hata Marekani.

Swali langu kwake: ada inahesabiwa juu ya hela tuliyoahidi au hela iliyoko kazini? Na baada ya mwaka wa tano inashuka au inabaki hapo hapo?

#4 Kasuku256
Nimefika kwenye 22.5 nikaanza kuona njaa. Kuna mtu yuko karibu na Wandegeya aniletee rolex, ile chapati ya mayai mawili?

#5 Wakili_Bila_Joho (Nakasero)
Hesabu, ndugu yangu, nakusahihisha kidogo. Mifuko mingi ina kizingiti. Mara nyingi ni asilimia 8 kwa mwaka. Meneja hali mgao wake mpaka wawekezaji wavuke hapo. Mara mbili kwa miaka 10 ni kama asilimia 7.2 kwa mwaka. Haijafika 8. Kwa mfano wako meneja hapati hata senti ya ile ishirini.

Kwa hiyo Msaidizi, swali la kwanza: kizingiti kipo au hakipo? Kwenye slaidi zako sijui, hukukitaja. La pili, ambalo watu hawaulizi: anakula kampuni kwa kampuni, au anasubiri mpaka hela yenu yote irudi pamoja na ada? Kama ni kampuni kwa kampuni, anaweza kuuza moja vizuri mwaka wa nne, akachukua chake, halafu tisa zilizobaki zikafa. Hapo muulize kama atarudisha alichokula, na kama kimekaa benki au kimeshajenga nyumba Kira.

#6 HesabuHaidanganyi (Jinja)
@Wakili nakubali nusu. Hiyo 7.2 ni kama hela yote inaingia siku ya kwanza. Kwenye mifuko hii haiingii hivyo, wanaiita kwa mafungu, miaka minne mitano. Saa ya kila fungu inaanza siku lilipoingia. Mara mbili hiyo hiyo inaweza kusomeka asilimia 10 au zaidi, na hapo meneja anakula. Ndiyo maana mimi sipendi kuonyeshwa asilimia peke yake.

#7 BintiBusia
Samahani kaka zangu. Kwa nini asinunue dhamana za serikali akalala?

Benki Kuu inauza za miaka 10. Tuseme kuponi, yaani riba yake, asilimia 15. Kodi ya zuio kwa zile za miaka kumi na kuendelea ni 10, siyo 20 kama za muda mfupi. Inabaki 13.5 safi. Kila miezi sita hela inaingia. Ukirudisha kila kuponi kazini unapita mara tatu na nusu kwa miaka hiyo hiyo kumi. Hakuna slaidi, hakuna mpwa wa mtu.

Basi swali la Jumamosi liwe: wewe utanipa nini zaidi ya serikali?

#8 Mnubi_wa_Bombo
Binti, hapo umelinganisha shilingi na dola. Mwanzoni mwa 2014 dola ilikuwa kama 2,500. Septemba 2015 ilikuwa imepita 3,600. Aliyekuwa na shilingi mwaka ule aliumia, mimi mmoja wao, nilikuwa nasubiri mzigo.

#9 BintiBusia
Na tangu hapo? Inazunguka humo humo, 3,300 mpaka 3,900 na kidogo. Mimi nakaa mpakani, bei ya hela naijua kabla sijanawa uso. Ya Kenya ndiyo ilifika 160 Januari 2024 na ikarudi 130 mwaka huo huo. Yetu imetulia kuliko watu wanavyodhani.

#10 HesabuHaidanganyi (Jinja)
Hiyo mara 3.5 na zaidi ni kama kila kuponi utaipata tena kwa bei ile ile miaka 10. Hakuna anayekuhakikishia hilo. Ukila kuponi bila kurudisha ni mara 2.35. Bado siyo mbaya.

#11 Kahawa_Bugisu (Mbale)
Mimi niko upande wa pili wa meza. Kampuni yetu ndogo ya kukoboa na kukaanga kahawa ilipewa hela na mfuko fulani, sitautaja. Kwa hiyo nawajua hawa watu wakiwa wameshavua koti.

Meneja alikuja mara mbili kabla ya kutoa hela. Mara ya kwanza alikaa siku nzima, akapima unyevu wa kahawa kwa mkono wake, akauliza mkulima analipwa lini. Nikasema huyu mtu. Baada ya kusaini hatukumwona miezi kumi na minne. Tulikuwa tunapata baruapepe ya fomu ya kujaza, safu 60, moja ikiuliza kilo ngapi za hewa chafu tumepunguza. Mashine ya kukoboa ilikuwa imesimama, tunahitaji mtu mwenye simu ya fundi Nairobi. Hakupokea.

Kwa hiyo mimi ningeomba orodha ya kampuni zote alizowahi kuwapa hela, hasa zilizokufa. Kila meneja atakupa namba ya mtoto aliyefaulu. Mwombe namba ya aliyefunga mlango. Mpigie bila meneja kuwepo. Muulize: siku mambo yalipoharibika, huyu bwana alikuwa wapi?

#12 Mzee_wa_Kikuubo
Webale ssebo, asante bwana. Hilo ni swali la mtu mzima.

#13 Tuliungua_Mara_Moja
Nimesita kuandika hii lakini ngoja.

Tulikuwa klabu ya watu 12, tuliahidi dola 40,000 kwenye mfuko mmoja. Kuahidi siyo kulipa, tulielewa hivyo, tukalipa mafungu mawili ya mwanzo. Hela iliyobaki tukaona imelala, tukanunua ardhi. Mukono pia, kama nyinyi.

Wito wa tatu uliingia Ijumaa saa kumi jioni. Siku kumi za kazi. Mwenyekiti wetu alikuwa kwenye mazishi Hoima, mtandao wa shida, akaiona baruapepe Jumanne. Tulikutana saluni kwa mweka hazina, drayeri zinanguruma, tunasomeana mkataba kwenye simu. Ukurasa wa 61: asiyelipa kwa wakati anaweza kupoteza nusu ya alichokwisha kuweka. Tukajaribu kuuza kiwanja kwa wiki moja. Nyinyi mnajua kuuza kiwanja kwa wiki moja ni nini. Dalali alileta mteja wa nusu bei.

Tulipoteza. Na kusema kweli mfuko haukutuibia, tulisaini wenyewe.

Ulizeni: mtaita hela mara ngapi, kwa notisi ya siku ngapi, na tusipolipa mnatufanya nini? Na kama hela mnayoahidi ndiyo hela yote mliyo nayo, msiahidi.

#14 Kasuku256
Pole sana mkuu.

Lakini Mukono hii ina nini? Kila hasara ya Kampala inapitia Mukono.

#15 Mnubi_wa_Bombo
@Kasuku kuna kiwanja changu Mukono, niongee na wewe pembeni?

#16 Nilikuwa_Ndani (Kololo)
Nilifanya kazi miaka mitatu kwenye ofisi ya mfuko, upande wa hesabu. Nitawaambia namba moja ya kuomba, na msikubali nyingine mpaka mmeipata: kwa kila dola iliyowekwa kwenye mfuko wake uliopita, ngapi zimerudi MKONONI kwa wawekezaji? Taslimu, imeingia benki. Wao wanaiita DPI.

Atakuonyesha nyingine, inaitwa TVPI, ambayo inajumlisha hela iliyorudi na thamani ya kampuni zilizobaki. Hiyo thamani inatoka wapi? Nilikuwepo wakati kampuni moja ya kwenye kapu letu ilipopata hela ndogo sana kutoka kwa mtu aliyefahamiana na mwenye kampuni, kwa bei ya juu kuliko ile tuliyoingilia. Bei hiyo ikachukuliwa, ikazidishwa kwa hisa zote, ripoti ya robo mwaka ikatoka na rangi ya kijani. Hakuna uongo ulioandikwa. Kampuni ilifunga mwaka uliofuata.

Kwa hiyo: nani anapanga thamani, mara ngapi, na mkaguzi wa nje anaiangalia au anapokea tu?

#17 Wakili_Bila_Joho (Nakasero)
@Nilikuwa_Ndani swali zuri, ila kama huu ndio mfuko wake wa kwanza DPI yake ni sifuri na siyo kosa lake. Mfuko wa miaka mitatu pia ni karibu sifuri popote duniani. Hela inatoka kwanza, inarudi baadaye. Ukitumia namba hiyo peke yake utamkataa kila kijana na kubaki na wazee wa Nairobi na London.

#18 Mzee_wa_Kikuubo
Na ajifunzie kwa hela ya nani huyo kijana? Ya mama wauza samaki?

#19 Nilirudi_Dubai
Kuna mtu ataandika "mwombeni taarifa ya benki". Ngoja niwahi.

Abraaj, kampuni ya kusimamia mifuko ya uwekezaji. Nilikuwa Dubai ilipoanguka 2018, watu wa ofisi za karibu walikuwa wanabeba maboksi. Walikuwa na mfuko wa afya wa karibu dola bilioni moja, wa hospitali za Afrika na Asia Kusini, Nairobi ikiwemo. Waliowekeza siyo watoto: Gates Foundation, IFC ya Benki ya Dunia, CDC, ule mfuko wa maendeleo wa serikali ya Uingereza. Hela iliitwa, ikaingia, haikutumika kwa kasi iliyosemwa. Gates Foundation wakauliza swali la kawaida kabisa: hela yetu iliyoitwa iko wapi?

Lililofuata kila mtu analijua. Sehemu ya hela ilikuwa imekwenda kulipia gharama za kampuni yenyewe. Na sikieni hapa: mamlaka ya Dubai ilipochunguza ilikuta walikuwa wanakopa hela nyingi siku chache kabla ya kufunga hesabu ili akaunti ionekane imejaa, kisha wanairudisha. Faini 2019 ilikuwa dola milioni 315.

Kwa hiyo taarifa ya benki ya siku moja haina maana. Ombeni ya miezi yote, na muulize nani MWINGINE, asiye mfanyakazi wake, anayeshika akaunti. Hela ikitoka inahitaji saini za nani?

#20 HesabuHaidanganyi (Jinja)
Ile ilikuwa kampuni ya usimamizi wa mifuko mikubwa ya mabilioni, siyo VC ya kampuni changa. Tusichanganye.

#21 Nilirudi_Dubai
Mwizi wa kuku na mwizi wa ng'ombe wote wanaingilia mlangoni, Hesabu.

#22 BintiJ_wa_Gulu
Swali la mjinga. Hizi kampuni zitauzwa kwa nani? Mimi nikinunua mbuzi najua soko liko Jumanne.

#23 Mnubi_wa_Bombo
Siyo la kijinga, dada, ndilo lenyewe. Soko la hisa letu lilianza biashara Januari 1998 na mpaka leo kampuni hazijafika ishirini, nyingine za Nairobi zimesajiliwa pande zote mbili. Huko hakuna kampuni changa inayokwenda kuuzwa. Anabaki mnunuzi mkubwa kutoka nje, kama Stripe ya Marekani walivyoinunua Paystack, kampuni ya malipo ya mtandaoni ya Nigeria, 2020, ilisemwa zaidi ya dola milioni 200. Hizo ni chache, na sisi siyo Nigeria.

Mimi naamini ndiyo sababu mifuko ya huku hairudishi hela. Siyo wizi, siyo ada. Mlango wa kutokea haupo.

#24 Kahawa_Bugisu (Mbale)
Sikubaliani. Kampuni yetu ingeweza kuwalipa kidogo kidogo kutoka kwenye mauzo, kila msimu. Wao walitaka hisa, wasubiri mnunuzi. Tatizo ni mkataba wa California kuletwa Bugisu.

#25 Nilikuwa_Ndani (Kololo)
Mimi naona tofauti na nyote wawili. Mifuko ya huku ni midogo. Asilimia 2 ya milioni 10 ni laki mbili: lipa watu wanne, ofisi, mwanasheria, mkaguzi, safari. Hela ya kwenda kukaa na fundi wa mashine Mbale haipo. Meneja anaanza kutafuta mfuko wa pili mwaka wa tatu kwa sababu bila huo hana mshahara. Ndiyo maana yule hakupokea simu yako, Kahawa. Alikuwa kwenye ndege.

Swali: saa zako ngapi kwa wiki ni za mfuko huu?

#26 Kahawa_Bugisu (Mbale)
Kumbe nilikuwa napigia ndege.

#27 Wakili_Bila_Joho (Nakasero)
Mambo ya sheria haraka haraka. Mfuko umesajiliwa wapi? Wengi Mauritius, si dhambi, lakini mkigombana mtaenda kushtaki wapi na kwa nauli ya nani? Na je, yuko chini ya CMA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji? Marekebisho ya kodi ya mapato ya 2024 yametoa msamaha kwa mapato ya mifuko ya aina hii inayosimamiwa na CMA. Kama hayumo, nani analipa kodi hiyo? Pia: kuna mwekezaji mkubwa mwenye barua ya pembeni inayompa ada ndogo kuliko nyinyi? Na meneja mkuu akiondoka, uwekezaji unasimama au unaendelea na msaidizi wake?

#28 Kasuku256
Wakili hata akisema "haraka haraka" inatoka aya.

#29 Msaidizi_wa_Hazina (Ntinda)
Wadau nimerudi. Ni Jumamosi usiku. Asanteni wote.

Alikuja dakika tano mapema, hilo nampa. Nilikuwa na karatasi ya maswali yenu 17.

Ada: juu ya hela iliyoahidiwa, miaka yote 10. Tukamuuliza kuhusu kushuka, akasema "tunaweza kujadili". Kizingiti kipo, asilimia 8. Anasubiri hela yote irudi kwanza, siyo kampuni kwa kampuni. Wakili, hapo alikujibu vizuri. Hela aliyoweka yeye mwenyewe ni asilimia 1 ya mfuko, ila nusu yake siyo taslimu, anakatwa kwenye ada.

#30 Mzee_wa_Kikuubo
Katoni zake kanunua kwa hela yenu!

#31 Msaidizi_wa_Hazina (Ntinda)
Subiri Mzee. Namba za simu za kampuni alitoa nne. Tukaomba iliyofungwa, akafikiri kidogo, akatoa. Tumeshampigia huyo mama leo saa tisa. Alisema meneja alimsaidia kufunga vizuri na kuwalipa wafanyakazi mwezi wa mwisho. Hilo limetuchanganya zaidi, maana tulikuwa tumeshamkasirikia.

Notisi ya wito siku 10, adhabu ile ile ya Tuliungua. Tulimwonyesha ukurasa (kwetu ni wa 58), akashangaa kwamba tumefika huko.

Halafu Hajati, mweka hazina wetu, ambaye hakuwa amesema neno, alikuwa anamenya chungwa, akamuuliza: "Mwanangu, una miaka mingapi?" Akasema 34. "Na mwenzako?" Mwenzake, ndiye mwenye uzoefu wote kwenye slaidi, ana 63. Hajati akahesabu kwa vidole vyenye maji ya chungwa. "Kumi, na miwili ya nyongeza. Atakuwa na sabini na tano. Mkataba unasema nini akichoka mwaka wa tano?"

Kijana alifungua kompyuta. Akaifunga. Akasema atarudi na jibu.

#32 HesabuHaidanganyi (Jinja)
Swali la Hajati ndilo la Wakili namba 27, kwa Kiswahili cha watu.

#33 Wakili_Bila_Joho (Nakasero)
Nakubali kushindwa na chungwa.

#34 BintiBusia
Mimi bado nasema dhamana.

#35 Tuliungua_Mara_Moja
Msaidizi, kama mtaingia, ahidini theluthi tu, iliyobaki iache benki ikisubiri wito. Kima cha chini wanashusha, wao wenyewe wanatafuta watu.

#36 Mnubi_wa_Bombo
Kukaa kimya kwake mimi naona ni uaminifu. Mwongo angekuwa na jibu pale pale.

#37 Nilirudi_Dubai
Au hajausoma mkataba wake mwenyewe.

#38 Msaidizi_wa_Hazina (Ntinda)
Anarudi Jumamosi ijayo saa nane na mwanasheria wake na yule mzee. Wakili, unaweza kuja ukakaa kama mwanachama? Hajati anapika pilau.

#39 Kasuku256
Mimi pia ni mwanachama. Tangu sasa hivi.